Ukipewa Funguo Jumamosi, Usihamie Jumapili

Nyumba tupu ina mwangwi. Ukipiga kofi sebuleni, jikoni kunaitika. Siku hizo chache ambazo nyumba bado inaitika ndizo pekee unazoweza kukwangua ukuta bila kufunika kochi na kutoboa tundu bila vumbi kuingia kwenye sahani. Wengi wetu tunazitupa. Dalali ameshachukua chake, kodi ya miezi sita imelipwa, kwa hiyo kila usiku tusiolala humo tunauona ni hela inayoungua. Kesho yake kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimejaa godoro na ndoo, na tunaapa kwamba rangi tutapaka tukishatulia. Hatutulii. Nimehama mara nne ndani ya Dar es Salaam, na nyumba mbili za kwanza niliziacha na rangi ile ile niliyoikuta.

Mwongozo huu ni wa wiki moja kati ya funguo na kirikuu, na ni wa mpangaji. Mpango wenyewe ni huu: ukuta utabaki kwa mwenye nyumba, basi mpe ukuta jasho zaidi ya hela. Hela ya urembo iende kwenye vitu vinavyofunguka kwa bisibisi na kupanda gari siku ya kuhama tena.

Siku ya kwanza: shikamoo, simu na chaki

Kabla ya brashi kuna mwenye nyumba. Mimi huanza hivi: "Shikamoo baba. Sebule ina alama za misumari na chini rangi imebanduka. Naomba nipake mwenyewe kabla sijaingiza vitu, nyeupe au rangi ya maziwa, na nitoboe tundu chache za pazia." Wa mwisho alinijibu, "Marahaba mwanangu. Paka, ila usiniwekee zambarau." Jioni nikamtumia maneno hayo hayo kwa ujumbe wa simu naye akaitikia. Hapo una ushahidi bila kugombana na mtu. Kama ukuta uko hoi, omba pia gharama ya vifaa ikatwe kwenye kodi ijayo, ufundi uubebe wewe. Wengi hukubali ukiwaletea risiti.

Kisha piga picha kila kona, pamoja na kigae kilichopasuka, bomba linalovuja na kioo chenye ufa. Soma mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, uliza kama kuna deni, washa taa zote. Hayo ni ya dakika ishirini.

Chaki ndiyo inayosahaulika. Chukua tepu ya kupimia, chora vitu vyako sakafuni kwa vipimo vyake halisi. Kitanda cha sita kwa sita ni sentimita 183 kila upande, na hiyo ni godoro tu, mbao za ubavuni na kichwani bado. Chumba cha upana wa mita 3 kikimezwa na kitanda hicho katikati, kila upande unabaki na nusu mita na kidogo. Chora pia mlango unavyofunguka na milango ya kabati. Hapo ndipo utakapogundua kwamba kabati litafunguka nusu. Ni afadhali kugundua kwa chaki kuliko kugundua ukiwa na vijana wanne wamelibeba kabati wanakuangalia. Pima na upana wa mlango wa mbele na ile kona ya korido, kwa sababu kochi refu halipiti kona kwa dua.

Ukuta unaotoa chumvi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hela za wapangaji wengi wa Dar zinapozama.

Nyumba yangu ya tatu ilikuwa bondeni. Chini ya ukuta wa sebule, mpaka usawa wa goti, rangi ilikuwa imevimba na kuacha unga mweupe. Fundi akaniambia, "Dada, hii chumvi ndogo tu. Napiga andakoti, napiga rangi ya mafuta hapa chini, unaisahau." Nikakubali, kwa sababu nilitaka kuamini. Masika ilipochanganya, ile rangi ya mafuta ikatoa malengelenge kama chapati ikiwa kwenye kikaango. Nilibonyeza moja kwa kidole: likatoka tone la maji, na nyuma yake unga kama sembe.

Kinachotokea ni rahisi kuelewa. Tofali la saruji linanyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji yanapanda na chumvi iliyomo ardhini na kwenye mchanga wa tofali lenyewe. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki, inakua na kusukuma rangi. Ukiziba uso kwa rangi ya mafuta, maji hayakomi, yanatafuta pa kutokea, mara nyingi juu zaidi ya pale ulipoziba.

Kwa hiyo kabla ya kununua rangi, jua maji yanatoka wapi. Kata kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasipite hewa, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka kwenye ukuta. Matone yakiwa nje ya nailoni, shida ni hewa nzito ya chumbani, na dawa yake ni dirisha kufunguliwa. Zunguka nje pia. Je, udongo umepanda kuliko sakafu ya ndani? Maji ya paa yanamwagikia msingi? Kuna bomba la bafu upande wa pili wa ukuta huo? Kuondoa udongo uliorundikwa ukutani, kuziba bomba na kugeuza njia ya maji ya mvua kunasaidia kuliko galoni yoyote ya rangi, na hiyo ni kazi ya kumdai mwenye nyumba.

Ukishajua, fanya hivi:

1. Kwangua rangi yote iliyovimba, upite kiganja kimoja au viwili juu ya doa.
2. Futa chumvi kwa brashi kavu ngumu, uizoe na kuitupa nje. Usioshe kwa maji: chumvi itayeyuka na kurudi ndani ya ukuta.
3. Fungua madirisha, subiri. Ikirudi, futa tena. Safari ya pili au ya tatu huwa inatoka kidogo.
4. Paka rangi ya maji ya kawaida. Inaruhusu ukuta kupumua, na ikibanduka mwakani utarekebisha kipande kidogo badala ya kubandua ukuta mzima.

Kama plasta inalia bo-bo ukiigonga, imeachia. Hapo si suala la mpangaji tena. Ama mwenye nyumba aigonge yote na kupiga plasta upya, ama panga kabati lako la vyombo mbali na ukuta huo na usimwage hela yako.

Mwenye kupanga nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, habari yake ni nyingine. Kuta zile zilijengwa zipumue. Ukizipiga saruji au rangi nzito ya plastiki unafungia unyevu ndani na plasta inaanguka vipande. Zirudishie chokaa.

Rangi: hesabu kwanza

Maduka ya rangi huuza kwa galoni ya lita 4 na ndoo ya lita 20, na muuzaji atakushauri ndoo. Piga hesabu yako. Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 3.6, urefu wa ukuta mita 2.7. Mzunguko wake ni mita 13.2. Zidisha kwa 2.7 upate mita za mraba 35 na nusu hivi. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 64. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji lita 6 na nusu: galoni mbili, na inayobaki usiitupe, itakuwa na kazi yake. Ukuta wa plasta mbichi au wa kukwaruza hunywa zaidi, na plasta mpya kabisa iache wiki nne ikauke kwanza.

Rangi yenyewe usiichague kwenye kile kikaratasi cha dukani. Nunua kiasi kidogo, paka kipande cha boksi mikono miwili, ukizungushe chumbani: saa nne asubuhi, saa tisa alasiri jua likiingia upande wa magharibi, na usiku chini ya taa yako mwenyewe. Rangi ya krimu iliyopendeza dukani inaweza kugeuka njano ya maharage usiku. Sebuleni na penye watoto, chukua ile inayong'aa kidogo, mafundi huiita silki. Alama za vidole zinafutika kwa kitambaa. Ila inaonyesha kila bonde la ukuta, kwa hiyo ukuta mbovu uvalishe rangi isiyong'aa.

Matayarisho yanakula muda kuliko kupaka, na ndiyo yanayotofautisha kazi ya fundi na ya mjomba. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, chini kuna chokaa ya zamani, na rangi ya maji ukiipaka juu yake itabanduka kama ngozi ya nyoka. Isugue kwa brashi mpaka unga uishe, kisha paka praima, ile rangi ya kutangulia. Tundu za misumari zijaze pati, ule mchanganyiko laini wa kuzibia, zikauke, piga msasa laini, futa vumbi. (Najua watu wanaoziba kwa dawa ya meno siku ya kukabidhi nyumba. Inapita macho kwa wiki moja, halafu inapasuka.) Milango ya zamani yenye rangi ya mafuta isiyojulikana umri, ipige msasa ikiwa mbichi kwa maji, umevaa barakoa, watoto wakiwa mbali, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi.

Sasa paka. Dari kwanza, kuta zifuate, milango na fremu mwisho. Tandaza maboksi au mifuko ya saruji juu ya tailizi. Kwa brashi ya inchi mbili paka kona zote na pembezoni mwa soketi, kisha rola ikiwa kingo bado mbichi, maana ukiacha kingo zikauke utaona mstari daima. Rola isijae mpaka inachuruzika. Anza katikati ya ukuta kwa kuchora kama herufi W, kisha ijaze, umalizie kwa mikupuo ya juu kwenda chini. Kati ya mkono na mkono subiri muda wa saa nne, na siku ya unyevu subiri zaidi.

Ukimwajiri fundi, simama naye wakati wa kuzimua. Mkono wa kwanza unaruhusiwa maji kidogo kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Mafundi wengine huzimua mpaka rangi inakuwa maziwa ya mgeni, galoni moja inapaka nyumba nzima, na ukuta wa chini unachungulia.

Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo mizuri kwa kazi hii hapa pwani. Lakini mkataba hauangalii majira. Ukiangukia Aprili, ongeza siku mbili na ununue feni.

Madirisha, haraka haraka

Wavu wa mbu kwanza, pazia baadaye. Wavu uliotoboka usiushone. Toa ule mpira mwembamba unaoubana kwenye fremu ya aluminiamu kwa ncha ya bisibisi, laza wavu mpya uliozidi sentimita 5 kila upande, rudisha mpira ukiusukuma taratibu, kisha kata ziada kwa wembe.

Pazia la dirisha la mita 1.5 halitaki kitambaa cha mita 1.5. Fimbo izidi sentimita 20 kila upande, iwe mita 1.9, na kitambaa kiwe mara mbili ya fimbo, karibu mita 3.8, ndipo mikunjo inakaa. Funga fimbo karibu na dari, siyo juu tu ya fremu, na chumba kifupi kitarefuka. Mapazia ya mtumba ya pale Karume ni mazito na mapana kuliko mengi mapya. Yafue mara mbili, tu.

Khanga ukutani

Huu ndio mradi ninaoupenda, na ndio unaosafiri nami. Doti moja ina vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo doti moja inatoa picha mbili kubwa za sebuleni au moja yako na moja ya zawadi.

Chagua jina kwa makini. Mtaani unavaa khanga unapita. Ukutani jina litasomwa na kila anayeketi mkabala, na majina mengi ni mafumbo. Dada mmoja nimjuaye alitundika fumbo la wifi sebuleni, na wifi akaja kula pilau chini yake. Kama huna uhakika, chukua jina la heri au dua.

Khanga mpya ina wanga na itasinyaa. Iloweke usiku mmoja kwenye maji baridi, iogeshe mpaka maji yatoke safi, ianike kivulini, ipige pasi ikiwa na unyevu kidogo.

Fremu ni mbao za inchi 1 kwa 2: mbili za sentimita 138, na nyingine mbili zitakazofanya upana wa nje uwe 98, pamoja na kipande cha kukaza katikati. Mwambie fundi seremala azikate na kupiga randa. Unga kona kwa vyuma vya kona na skrubu fupi. Kabla ya kukaza, pima kona kwa kona kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, karibu sentimita 169 kila kimoja, fremu imenyooka. Visipolingana, sukuma kona ndefu mpaka vilingane.

Laza khanga kifudifudi juu ya mkeka safi, weka fremu juu yake. Geuza pembeni uone kwamba mji, yaani lile eneo la kati la khanga, uko katikati, kwamba jina liko chini na liko sambamba na mbao. Pindo litapungua kidogo kwa kukunjwa nyuma, na ni sawa. Sasa piga pini moja katikati ya upande wa juu. Vuta, piga moja katikati ya upande wa chini. Kisha kushoto, kisha kulia. Endelea hivyo, upande na mwenzake, ukitoka katikati kwenda kona, pini kila sentimita 5. Ukianza kona moja na kuzunguka kama anayeshona ukili, khanga itapinda na jina litapanda kilima. Kona ziwe mwisho: kunja kama unavyofunga zawadi, bapa. Kama huna bunduki ya pini, misumari midogo ya nusu inchi inatosha. Ugumu unaoutaka ni wa ngoma iliyowambwa asubuhi, kabla haijaota jua.

Tundika kwa misumari miwili ya zege, usawa wao ukikaguliwa kwa pima maji. Katikati ya picha iwe usawa wa macho, kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Siku ya kuhama inafungwa ndani ya shuka na kusimama nyuma ya godoro.

Zidaka za kubeba

Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa kwenye ukuta mnene kwa ajili ya vyombo vya kauri na vitabu. Ukuta wetu wa tofali la inchi sita haukubali kuchongwa, basi tunavitoa nje. Nunua vipande vya plaiwudi ya milimita 12 vilivyobaki kwa seremala, akate mistari ya upana wa sentimita 20. Tengeneza maboksi matatu yasiyo na mlango kwa gundi ya mbao na skrubu, moja refu lililosimama, mawili ya kulala. Nyuma ya kila boksi, ndani kwa juu, funga kijiti cha mbao. Skrubu za ukutani zitapita hapo. Nje paka rangi ya ukuta wako. Ndani paka buluu iliyokolea au rangi ya kahawa iliyoiva, na chombo chochote utakachoweka, hata birika la bibi, kitaonekana kimewekwa kwa makusudi.

Ukipata paleti, zile chanja za mbao za kupangia mizigo, kwa mtu wa maghala, soma muhuri wake kwanza. HT ni mbao zilizotibiwa kwa joto, chukua. MB zimetibiwa kwa gesi ya sumu, ziache.

Kutoboa: tumia drili na plagi za plastiki, na usitoboe kamwe juu wala chini ya swichi au soketi kwa mstari ulionyooka, kwa sababu waya hushuka humo. Jambo lolote la umeme linalozidi kubadilisha balbu, mwite fundi umeme mwenye leseni.

Siku ya kirikuu

Usiku mmoja kabla, fagia, deki mara mbili, futa vumbi la msasa juu ya fremu za milango, maana hapo ndipo hujificha. Pazia la chumba cha kulala liwe limeshatundikwa, wavu mzima, balbu zinawaka. Vitu vya jikoni vipande gari mwisho ili vishuke kwanza. Watu wanne waliobeba kabati watataka chai.

Rangi iliyobaki ifunge vizuri, geuza kopo juu chini kwa dakika moja rangi izibe kingo, kisha andika juu ya mfuniko kwa kalamu nene: jina la rangi, namba yake, chumba, mwezi na mwaka. Iweke kwenye boksi moja na pati, kipande cha msasa, brashi ndogo na plagi nne, chini ya sinki. Boksi hilo ni la siku utakayokabidhi funguo.